Usilale Kabla ya Kubadilisha Tandiko Lake

Unajua! Ndugu yangu wa Handsworth, dada yangu wa Small Heath, kijana wa Erdington, hapa Birmingham, uliyemweka chatu kwenye kona ya chumba: unajua. Jana ulifungua kizimba, ukasikia harufu, ukakifunga tena. Uliona maranda yamelowa kando ya bakuli la maji, ukageuza uso. Ukasema moyoni, nitabadilisha Jumapili. Jumapili ikaja, Jumapili ikapita, na tandiko ni lile lile!

Sikuandikii ili nikufundishe jambo geni. Nakuandikia kwa kuwa jambo unalijua, na kulitenda unachelewa.

Tazama ni nani anayeumia kwa kuchelewa kwako. Nyoka wa porini akikuta pamelowa, atahama. Akikuta pamekauka, atahama. Akikuta panamchoma, atahama. Kwako hana pa kuhamia! Umemzungushia kioo, umemfunika juu, na ardhi yote aliyobaki nayo duniani ni ile uliyoimwaga kutoka kwenye mfuko wa dukani. Tumbo lake li juu yake usiku na mchana. Ulimi wake unaionja. Pumzi yake inapita juu yake. Uliyemchagulia ardhi, ndiye uliyemchagulia maisha!

Na nyoka hawa si wageni kwetu. Chatu wa kifalme, yule mfupi mnene anayejikunja akaficha kichwa katikati ya mwili wake, asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na upande wa mashariki anafika mpaka Uganda. Huko hulala ndani ya mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, chini ya ardhi, penye giza na unyevu hata wakati wa kiangazi. Boa wa mchanga, ambaye wafugaji wa Uingereza humwita kwa jina la Kenya, hujizika kwenye udongo mkavu wa nyika akabakiza macho na pua, akingoja windo lipite. Mmoja ni wa unyevu, mwingine ni wa ukavu. Leo wote wawili wako Birmingham, katika nyumba za matofali mekundu, na mvua yao ni wewe, na kiangazi chao ni wewe!

Kisha unawamwagia wote mfuko mmoja? Kwa kuwa ulikuwa umepunguzwa bei?

Acha mwerezi! Nauanza huo kwa sababu ndio unaoua. Maranda ya mwerezi yananukia vizuri, nyumba nzima inanukia usafi, nawe unadhani umefanya jambo jema. Harufu ile ni mafuta, na mafuta yale ndiyo watu wanayoyatumia kufukuzia nondo kwenye kabati la nguo. Sumu ya nondo umemfungia nayo nyoka, ndani ya sanduku lenye joto la nyuzi 30, joto linalozidi kuyatoa mafuta hayo hewani! Nondo huruka akaenda zake. Nyoka aende wapi?

Msonobari nao una utomvu. Ule ambao haukukaushwa kwa joto kiwandani usiuguse kabisa. Na uliokaushwa nao, ingawa wapo wanaoutetea, mimi nakuambia uuache. Yapo maranda ya aspeni, mti usio na mafuta hayo, tena hayana shida kupatikana. Ubahatishe ya nini?

Acha maranda ya bure! Birmingham imekuwa mji wa karakana tangu enzi na enzi, na seremala wa Digbeth atakujazia gunia bila kukudai hata senti. Lakini seremala hapasui mti mmoja. Ndani ya gunia lile mna mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, mna mbao za gundi, mna vumbi laini lisiloonekana mpaka mwanga wa dirisha ulipige. Cha bure hicho utakilipia kwa daktari wa wanyama.

Acha mchanga mtupu wa watoto kuchezea, acha mchanga wa paka, acha magunzi ya mahindi yaliyosagwa! Mchanga hushika kwenye panya aliyelowa unayemlisha, humezwa pamoja naye, huziba utumbo. Magunzi hunyonya maji, huvimba, huota ukungu. Wala usiniambie kwamba boa wako ni wa mchanga, kwa hiyo mchanga ndio haki yake. Nyika ya Kenya si mchanga mweupe uliochekechwa! Ni udongo, ni changarawe, ni majani makavu na mizizi. Ukitaka kumpa nyika, changanya udongo na mchanga ili akichimba shimo lisiporomoke. Usipoweza hilo, mpe aspeni kavu ya kina cha kumfunika mwili mzima, na chakula chake mpe juu ya sahani.

Chagua basi! Chagua kwa kumtazama mnyama, si kwa kutazama bei.

Nyoka wa mahindi, yule mwembamba mwenye madoa mekundu na ya machungwa, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani: huyu mmwagie aspeni ya sentimita saba au nane, achimbe njia zake, apotee humo mchana kutwa. Aspeni na maji havipatani. Ikilowa ikaachwa siku chache, imekwisha kuota koga. Kwa hiyo bakuli liwe zito asilipindue, liwekwe upande wa baridi, na palipolowa pachotwe siku hiyo hiyo.

Chatu wa kifalme: makumbi. Hapa niache nikae kidogo. Makumbi ya nazi! Yale yale ambayo akina mama wa Paje na Jambiani huyafukia ufukweni kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda, wakasokota kamba. Hapa Uingereza huuzwa yamesagwa na kushindiliwa kuwa tofali, na mengi hutoka Sri Lanka na India. Unaliloweka tofali kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, linavimba mpaka ndoo inajaa. Na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanayamimina kizimbani yakiwa bado yanachuruzika!

La! Teka konzi moja, uikamue kwa nguvu kama unavyokamua nazi ya tui. Likidondoka hata tone moja, hayajawa tayari. Yatandaze juu ya gazeti, yapigwe na hewa, ujaribu tena. Yakishikamana kiganjani bila kutoa tone, kisha yakapukutika ukiyagusa kwa kidole, hayo ndiyo. Lakini usiyaache yakakauka kabisa, kwani makumbi makavu ni vumbi tupu, vumbi la kahawia linaloganda kwenye midomo na kuingia puani. Mimina maji kidogo kwenye pembe za kizimba, yazame chini, juu pabaki pakavu. Nunua kipimo cha unyevu ukitundike ndani. Asilimia 50 hadi 60 kwa siku za kawaida, na zaidi kidogo macho yake yanapogeuka maziwa na siku ya kujivua gamba inapokaribia.

Karatasi za jikoni na gazeti? Sisemi ni dhambi. Nyoka mgeni mlaze juu ya karatasi nyeupe kwa miezi miwili au mitatu, mbali na wenzake, maana juu ya weupe kila kitu huonekana: choo chake, damu, utitiri. Mwenye kidonda naye mlaze juu ya karatasi mpaka apone. Lakini mzima? Mwaka mzima? Kiumbe wa kuchimba asichimbe, wa kujificha asijifiche, wa kupotea ardhini asipotee? Mtolee karatasi hiyo, umpe ardhi!

Sasa mtoe nje, usiku huu huu. Mgeuze taratibu chini ya taa utazame tumbo.

Magamba ya tumboni ni mapana, yamepangana moja moja kutoka kooni hadi mkiani, na ya nyoka mzima yanang'aa, ukingo wa moja umelalia wa pili bila doa. Zitazame kingo hizo. Pitisha kidole polepole. Je, kuna ukahawia unaoingia ndani? Kuna wekundu chini ya gamba? Kuna lengelenge lenye maji, dogo, karibu na pale mwili unapokunjika? Huko ni kuoza kwa magamba, na kumeanzia kwenye tandiko lililolowa na kuchafuka. Leo ni doa. Ukiliacha, vijidudu vitaingia kwenye damu, na hapo hakuna tandiko jipya litakalomponya.

Tazama, kisha sikiliza! Mtu akipaliwa na vumbi, hukohoa. Nyoka hakohoi. Hana kiwambo kile tulicho nacho chini ya mapafu kinachotusaidia kukohoa. Kamasi ikishuka pafuni, inakaa huko huko. Ukimsikia anatoa mluzi akipumua, ukimwona ameinua kichwa juu na kinywa kiko wazi, ukiona mapovu kwenye tundu za pua, usingoje! Usitafute ushauri kwa rafiki, usisome maoni ya watu, usiseme labda kesho atakuwa ameamka salama. Mpeleke kwa daktari anayewajua wanyama watambaao.

Na utitiri! Vitone vyeusi, vidogo kabisa, chini ya kidevu, kuzunguka macho, vingine vimekufa maji ndani ya bakuli. Humnyonya damu, kisha hushuka kutaga mayai kwenye nyufa za kizimba na ndani ya tandiko. Umemwogesha nyoka, umemkausha, ukamrudisha juu ya maranda yale yale. Umefanya nini? Umewarudishia chakula chao! Tandiko lote lifungwe kwenye mfuko, litoke nyumbani siku hiyo. Sanduku lioshwe, likauke, na nyoka alale juu ya karatasi nyeupe mpaka vitone viishe.

Tena usioshe kizimba kwenye sinki la jikoni, na usikioshe kwa dawa zile za sakafu zinazogeuka nyeupe zikiingia majini. Nyingi zina fenoli, na fenoli ni sumu kwa nyoka. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya vizimba vya wanyama watambaao, suuza, kausha. Nawa mikono kwa sabuni, uwanawishe na watoto, kwa sababu nyoka mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote.

Unasema, "Ni baridi tu ya huku." Ni kweli, Birmingham ina hila yake. Novemba nje kunanyesha, na ndani redieta inakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Wewe unajipaka mafuta. Nyoka anajivua gamba vipande vipande, na utando wa jicho unabaki palepale, safari hii mmoja, safari ijayo wa pili juu yake. Mwekee pango lenye makumbi au majani ya kinamasi (moss) yaliyoloweshwa na kukamuliwa, ajiingizie mwenyewe akitaka. Na mkeka wa joto ulio chini ya kioo uwe na themostati! Tandiko likiwa jembamba, nyoka huchimba mpaka akagusa kioo cha moto, akalala pale pale, akaungua bila kuondoka. Tandiko likiwa nene mno juu ya mkeka, joto haliji juu, mkeka nao unazidi kupamba moto chini. Pima joto pale tumbo linapolala, si pale macho yako yanapofika.

Unasema, "Mapipa yamejaa." Nalo nalielewa. Mwaka 2025 wazoa taka wa jiji hili waligoma, kuanzia Machi 11 mgomo ukawa hauna kikomo, na mifuko myeusi ikarundikana barabarani hata panya wakawa wanakatiza mchana. Wangapi walijiambia siku zile, acha kwanza mapipa yazolewe, ndipo nitabadilisha? Nyoka hakugoma! Aliendelea kunya, aliendelea kumwaga maji, aliendelea kulala humo. Funga mifuko miwili, iweke nje mlangoni au peleka mwenyewe kwenye kituo cha taka, lakini isibaki chini ya tumbo lake.

Unasema, "Ni nyoka tu." Ee ndugu yangu! Tangu 1991, maonyesho ya mbwa ya Crufts hufanyika hapa hapa kwetu kwenye ukumbi wa NEC, na watu huja kutoka kila pembe wakiwachana mbwa manyoya kwa saa nzima kabla ya kuingia uwanjani. Mbwa akiumwa hulia, paka akiumwa huja miguuni. Nyoka hanung'uniki, hachechemei, hakutazami kwa macho ya huruma. Hana hata kope za kufumba! Mateso yake hayana sauti, na ndiyo maana yanahitaji mtu mwenye macho.

Na ukungu ule wa tandiko, unajua unakaa na nani? Mtoto wako analala chumba kile kile. Nchi hii yote inamkumbuka Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa Rochdale, aliyefariki Desemba 2020. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akathibitisha kwamba kilichomwua ni kuvuta ukungu wa nyumba kwa muda mrefu, hata ikatungwa sheria yenye jina lake. Simlinganishi mtoto yule na nyoka, hasha! Nasema hivi: mkazi mwenzangu, unayeandika barua kila wiki kumlalamikia mwenye nyumba kwa sababu ya ukuta wenye koga, usiwe wewe unayeotesha koga nyingine kwa mikono yako, hatua mbili kutoka kwenye mto wa mwanao.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 haikumtenga nyoka. Mwenye mnyama wa uti wa mgongo anawajibika kumpa mahali panapomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Tangu 2021 anayemtesa mnyama anaweza kufungwa hadi miaka 5. Lakini mimi sitaki ubadilishe tandiko kwa kuogopa RSPCA, shirika la kutetea wanyama. Mwislamu, unaijua habari ya yule mwanamke na paka aliyemfungia. Mkristo, umesoma katika Mithali habari ya mtu mwenye haki na mnyama wake. Uliyemfungia kiumbe umepokea amana, na amana hudaiwa!

Na wewe unayetaka kuzalisha, simama hapo hapo ulipo! Umekwisha kumwona dume, umekwisha kuhesabu bei ya watoto, umekwisha kuwaahidi marafiki. Tandiko la mama je?

Jike wa nyoka wa mahindi akikosa mahali penye unyevu pa kutagia, anaweza kuyazuia mayai tumboni mpaka yamwue, au kuyataga ndani ya bakuli la maji yakafa yote. Mwekee sanduku lenye tundu la kuingilia, ndani yake majani ya kinamasi yaliyokamuliwa, mapema, kabla hajaanza kuhangaika. Chatu wa kifalme hujivua gamba, na baada ya mwezi mmoja hivi hutaga, akayazungushia mwili wake. Mayai ukiyachukua usiyageuze! Weka alama ya penseli juu ya kila moja, na upande uliokuwa juu ubaki juu. Yalaze kwenye punje za vermikulaiti zilizochanganywa na maji kwa uzito ulio sawa, nyuzi 31 au 32 kwa chatu, nyuzi 28 hivi kwa nyoka wa mahindi, karibu miezi miwili. Yakilowa mno yanaoza, yakikauka yanabonyea, na kilichomo ndani hakina njia ya kukuambia. Boa wa mchanga hatagi. Huzaa watoto hai baada ya kubeba mimba miezi kadhaa, na miezi hiyo hushinda upande wa joto. Je, upande huo umeusafisha?

Kisha watazaliwa. Mayai kumi na tano ya nyoka wa mahindi ni visanduku kumi na tano, bakuli kumi na tano, matandiko kumi na tano: karatasi yenye unyevu mpaka wajivue gamba la kwanza, kisha maranda yao. Tandiko moja limekushinda tangu Jumapili iliyopita, kumi na tano utayawezaje? Na ukiwauza kama biashara, kanuni za 2018 zinataka leseni ya halmashauri, na mkaguzi atafungua visanduku hivyo kimoja kimoja.

Usizalishe mwaka huu! Safisha mwaka huu, jifunze unyevu mwaka huu, mwone mama anajivua gamba zima kutoka puani hadi ncha ya mkia pamoja na utando wa macho yote mawili. Hapo ndipo uanze kumfikiria dume.

Ila kama amekwisha kubeba, huna mwaka, huna mwezi, una usiku huu. Duka la wanyama limefungwa, najua. Duka la kona halijafungwa, na karatasi za jikoni zipo. Tia uchafu wote ndani ya mfuko, funga, peleka nje. Osha kwa maji moto, kausha mpaka pembeni. Tandika karatasi nyeupe tabaka tatu, rudisha maji safi, rudisha maficho yake, umlaze pakavu. Kesho asubuhi uwe wa kwanza mlangoni kununua tandiko linalomfaa. Inuka!